Nywele Tatu za Tikbalang

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zenu zimelegea hivyo, mmekula mchicha bila chumvi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Sogeeni. Wewe Chiku, toa miguu yako kwenye mkeka wangu, ina tope.

Hadithi ya leo si ya hapa kwetu. Nilipewa na mjomba wangu aliyekuwa mpishi melini, naye alipewa na Mfilipino waliyekuwa wakimenya viazi pamoja. Ni ya visiwa vya mbali, huko jua linakotokea. Na visiwa hivyo, jamani, vina viumbe! Liko jitu jeusi linalokaa juu ya mti, linavuta tumbaku kutwa. Yuko mwanamke anayekatika kiunoni, miguu ikabaki imesimama, kiwiliwili kikaota mbawa kikaruka. Msinishike hivyo! Huyo simsimulii. Leo ni zamu ya Tikbalang. Semeni nami.

Tikbalang!

Vizuri. Basi zamani sana, kabla hata bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji. Nyuma ya kijiji, msitu wa mianzi. Nyuma ya msitu, mto. Na ndani ya msitu alikaa yeye. Kichwa cha farasi. Mwili wa mtu. Miguu mirefu, mirefu, mirefu, hata akichuchumaa magoti yanapita kichwa. Akitembea, kwato zinalia: kop, kop, kop. Na shingoni ana singa ndefu, na katikati ya singa nywele tatu za dhahabu. Watu wa kule walisema ukimrukia mgongoni ukazing'oa hizo tatu, anakuwa mtumwa wako mpaka ufe.

Kazi yake ilikuwa kupoteza watu. Unaingia msituni. Unatembea, unatembea, unatembea. Pwaa! Uko pale pale ulipoanzia.

Wazee wa kule walijua la kufanya. Walikuwa wakisimama mwanzo wa msitu na kubisha, kama sisi tunavyobisha mlangoni: "Hodi, wenyewe. Tunaomba njia." Kisha wanapita salama. Lakini baadaye akatokea mjanja mmoja akagundua kwamba mtu akivaa nguo nje ndani, Tikbalang hamuwezi. Anapita moja kwa moja hadi mtoni. Basi tena! Nani atajisumbua kupiga hodi, wakati kugeuza shati kunatosha? Wakaacha. Wakawa wanaingia msituni kama wanaingia chooni, wanakata mianzi, wanapiga kelele, nguo zimegeuzwa, hodi hakuna.

Aliyebaki anabisha ni mmoja tu, Apo Dalisay. Apo ni neno lao la heshima, kama sisi tunavyosema bibi. Alikuwa mkunga. Mfupi, mkavu, mkali. Kichwani kitana cha mwanzi, kiunoni kifuu cha mafuta ya nazi. Kijiji kizima kilikuwa kimepita mikononi mwake, mpaka mkuu wa kijiji, ndiyo maana hakumwogopa hata kidogo. Watu walimcheka kwa hodi zake. Yeye aliwaambia, "Chekeni tu. Meno ni yenu."

Sasa sikilizeni vizuri. Asubuhi moja Liwayway, mke wa Bantug msokota kamba, aliingia msituni kukata machipukizi ya mianzi. Alikuwa na mimba kubwa, ya siku zake. Blauzi haikumwenea, akajifunga kitambaa tu. Na kitambaa cha kufuma hakina ndani wala nje, utakigeuza vipi? Hodi nayo hakupiga. Akaingia.

Jua likapanda. Liwayway hakurudi.

Bantug akatoka mbio na kamba begani. "Tikbalang amemchukua mke wangu! Leo namfunga! Leo namng'oa zile nywele!" Wanaume wakamfuata, kila mmoja shati nje ndani. Wakaingia msituni. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Pwaa! Wako mtoni. Wakarudi, wakaingia kwa upande mwingine. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Pwaa! Mtoni tena. Wakamwita mpaka sauti zikawakauka. Liwayway haonekani, haitiki.

Mmoja akasema, "Tuuchome msitu, atoke."

"Uchome na mke wangu yumo?" Bantug akamkaba shati. Karibu wapigane.

Apo Dalisay akafika, anahema. Akawatazama na mashati yao, mishono nje. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Liwayway yuko kwenye njia ya kupotea," akasema. "Nyie mmevaa nguo za kutopotea. Mtakutana naye wapi?"

Wakatazamana mashati.

"Bantug, geuza shati lako. Livae kama mtu. Kamba iache hapa. Nifuate."

Bantug akageuza shati. Lakini kamba, mh! Alijifanya anaiweka chini, akaizungusha kiunoni, akaifunika kwa shati. Mnamwona? Na wewe Chiku usicheke, nawajua wenye tabia hizo.

Apo akasimama mwanzo wa msitu. "Hodi, wenyewe. Tunaomba njia."

Wakaingia. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Pwaa! Mwanzi ulioanguka. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Pwaa! Mwanzi ule ule. Bantug akaanza kurudi nyuma. Apo yeye akafurahi. "Vizuri. Sasa tumepotea sawasawa."

Na nyuma ya mianzi wakasikia: kop, kop, kop.

"Hodi, mwenyewe!" Apo akaita.

Sauti nzito ikauliza, "Nani?"

"Mimi Dalisay, mkunga. Nimekuja kwa mwanamke."

"Na huyo?"

"Mumewe."

"Ana kamba," ikasema ile sauti. Nayo ilikuwa inatetemeka.

Apo akageuka polepole. "Bantug!"

"Apo, mimi nilidhani..."

"Itupe."

Akaitupa. Mianzi ikafunguka yenyewe, shwaa, na wakaona.

Wakati huo mvua ilikuwa inanyesha na jua linawaka. Sisi hapa tunasema simba anazaa. Wao kule wanasema Tikbalang anaoa. Lakini siku ile Tikbalang hakuwa anaoa. Alikuwa amechuchumaa, magoti juu ya kichwa, mgongo ameuinamisha kama paa la kibanda. Na chini ya mgongo ule, pakavu kabisa, alilala Liwayway. Uchungu umemshika, jasho linamtiririka, mkono wake umeng'ang'ania kwato.

"Bantug," akasema, "umechelewa."

Bantug akapiga magoti. Tikbalang akasogea nyuma kidogo, lakini mgongo hakuuondoa.

"Nimempoteza mimi," akasema. Macho yake makubwa yalikuwa yamejaa machozi. "Aliingia bila hodi. Nikasema acha azunguke kidogo, nicheke. Basi, kucheka tu. Kisha akaanguka. Nikaona tumbo. Nikataka kumtoa, wakaja wale na kamba. Mimi kamba naijua, mama. Nikaogopa."

Apo Dalisay alishaweka mkono tumboni mwa Liwayway. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Mtoto ametanguliza matako," akasema. "Bantug, mshike mabega. Wewe mwenye miguu mirefu, njoo nyuma yake, awe anakuegemea. Usimbane."

"Mimi?" Tikbalang akashangaa.

"Kuna mwingine hapa mwenye mgongo kama huo? Njoo!"

Akaja. Apo akamimina mafuta ya nazi viganjani. Akasugua tumbo, akasukuma, akageuza, polepole, polepole. Liwayway akalia. Apo akasugua. Liwayway akalia. Apo akasugua. Mvua ikanyesha, jua likawaka. Liwayway akapiga ukelele mmoja ambao hata mtoni waliusikia.

Kisha: ng'aa! Ng'aa! Ng'aa!

Mtoto wa kike, mzima, ana hasira. Liwayway akamkumbatia kifuani, akacheka na kulia pamoja. Jamani, hata mimi ninayesimulia moyo hunitulia nikifika hapa.

Tikbalang hakuwahi kuona mtoto mchanga. Akainama amwone. Akainama, akainama, mpaka singa zake zikaning'inia mbele ya uso wa Bantug. Na katikati, zile tatu. Dhahabu tupu. Karibu ya kuguswa.

Mkono wa Bantug ukanyanyuka wenyewe.

"Bantug," Apo akasema bila kugeuka.

"Apo, alikaribia kuniulia mke!"

"Kweli. Na amemkinga mvua kwa mgongo wake. Yote mawili ameyafanya yeye."

"Ningekuwa na mtumwa wa kunibebea mianzi! Baba yangu alitamani nywele hizi maisha yake yote!"

"Basi kabla hujang'oa, nishikie hizi singa. Zimechafuka mno. Nitazichana kwanza."

Bantug akashika. Apo akachomoa kitana kichwani, akatia mafuta yaliyobaki, akaanza kuchana. Miba ikadondoka. Majani yakadondoka. Vumbi la miaka likadondoka. Tikbalang akafumba macho. Apo akachana, akachana, akachana. Kitana kikakwama.

Chini ya singa palikuwa na kamba. Imezama shingoni, nyama imeota juu yake, kuna kidonda kibichi na cha zamani. Na kwenye kamba, fundo.

Apo akajaribu. Akajaribu tena. "Vidole vyangu vimeshindwa. Ni fundo gani hili? Bantug, hebu angalia, wewe ndiye mtu wa kamba."

Bantug akaangalia. Akapitisha kidole juu yake, polepole.

Kila nyumba ya wasokota kamba kule ina fundo lake, na watu wa nyumba nyingine hawawezi kulifungua. Fundo hili Bantug alilijua. Alifundishwa akiwa mdogo, mapajani kwa baba yake. Na baba yake alikuwa akijisifu kila siku mbele ya wageni: nilimrukia Tikbalang mgongoni, nikamfunga shingo, akanitupa, akakimbia na kamba yangu. Watu walicheka, wakampa pombe nyingine. Bantug naye alicheka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kamba iliishia wapi.

"Ni la baba yangu," akasema.

"Miaka yote hiyo?" Liwayway akauliza kutoka pale chini.

"Miaka yote," Tikbalang akasema. "Nikiinua kichwa, inakata. Ndiyo maana naenda nimeinama."

Bantug akalia. Mwanamume mzima, mbele ya mkewe, mbele ya mkunga, akalia kwa kwikwi. Kisha akajifuta, akaingiza vidole vyake kwenye fundo. Akavuta huku. Akalegeza kule. Akapitisha chini. Tikbalang akauma meno, asimpige teke. Fundo likaachia. Kamba ikatoka.

"Nisamehe," Bantug akasema. "Kwa ajili yangu na ya baba yangu."

"Na wewe nisamehe," Tikbalang akasema. "Kwa kumpoteza mkeo."

Akainua kichwa. Akakiinua, akakiinua, akakiinua, mpaka kikapita mianzi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka akaziona mbingu, na zile nywele tatu zikameremeta huko juu ambako hakuna mkono wa mtu unaofika. Bantug hakuzitazama tena. Alikuwa anamtazama binti yake.

Njia ikanyooka. Wakatoka. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama mwanzo wa msitu, nguo nje ndani, midomo wazi. Apo Dalisay akawapita. "Vaeni vizuri," akasema, "mnatia aibu." Akaenda kulala.

Tangu siku hiyo aliyepiga hodi kwa sauti kuliko wote alikuwa Bantug. Hodi yake ilikuwa inaamsha kuku. Na akina mama waliokwenda kukata machipukizi walisema ukichoka njiani, utasikia kop, kop, kop pembeni yako, inakusindikiza mpaka utoke.

Miaka ikaenda. Yule mtoto akakua, akajifunza ukunga kwa Apo Dalisay, akarithi na ukali wake. Apo akazeeka, akazeeka sana, akafa. Siku ya maziko mvua ilinyesha na jua liliwaka. Watu walimzika pembeni ya msitu, karibu na pale alipokuwa akibisha. Asubuhi yake binti ya Bantug alikwenda kufagia kaburi. Akakuta udongo una alama za kwato, za aliyechuchumaa hapo muda mrefu. Na juu ya kaburi, zimesokotwa pamoja kwa ustadi, nywele tatu za dhahabu.

Akaita watu waje waone. Wakaja. Wakasimama. Bantug alikuwa mzee, akaletwa ameshikwa mkono. Mkuu wa kijiji akamuuliza, "Tuzichukue?"

"Si zetu," Bantug akasema. "Amempa Apo, kwa mkono wake mwenyewe."

Wakaziacha pale pale.

Ndiyo hiyo. Mjue basi: anayewatisha huenda na nyinyi mnamtisha, na huenda anachougulia ni kitu mlichomfunga nyinyi wenyewe, mkasahau. Pigeni hodi kwanza. Mwangalieni shingo.

Hadithi yangu nimeifikisha hapo, imekaa chini, haiendi mbele tena. Na wewe Chiku, nirudishie mkeka wangu.