Zamu ya Baba Ambwene

Kaeni, wapendwa, kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele kidogo, baridi hii ya leo haihitaji mtu kukaa peke yake kwenye benchi. Kwaya asanteni sana, mmetupasha moto.

Leo ni siku yetu ya shukrani, na kabla sijaendelea nawauliza: habari zenu?

Mnaona? Wote mmesema "nzuri". Wote! Na ninyi ndio hao hao wenye shida. Kuna mzee amekaa pale dirishani, jino linamuuma tangu Jumatano, shavu limevimba kama ameficha kiazi, naye kasema nzuri. Mama mmoja hapa mbele mvua imemwangushia jiko lote. Nzuri! Sisi watu wa huku ukitukuta tumelala mtaroni ukatuuliza habari, tutajibu nzuri kwanza, halafu ndiyo tuseme "ila nadhani nimevunjika mguu". Haya, chekeni, chekeni, lakini nisikilizeni. Nina mfano.

Palikuwa na mkulima mmoja katika kijiji kimoja cha huku huku juu milimani. Tumwite Baba Ambwene. Kijiji chao kilikuwa na utaratibu ambao ninyi mnaujua vizuri kuliko mimi, wa kulimiana kwa zamu. Leo wote wanakwenda shambani kwa fulani, wanapiga matuta, wanapanda viazi, jua likipanda mwenye shamba anawaletea ugali na maharage na togwa, wanakula palepale na mikono ina udongo. Kesho wanahamia kwa mwingine. Hivyo hivyo mpaka kijiji kizima kimepanda.

Sasa huyu Baba Ambwene, jamani, alikuwa mtu wa kazi! Iwe zamu ya nani, yeye wa kwanza kufika. Kulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Tumpe, mwenye kipande cha shamba kule mteremkoni penye mawe. Watu wengine wakifika kwake walikuwa wanaangalia lile pori na kuguna. Baba Ambwene haguni. Anakunja suruali, anaingia. Lakini zamu yake ikifika, anawaambia wenzake, "Msihangaike ndugu zangu, mimi nimeshamaliza." Hajamaliza lolote! Atakwenda mwenyewe na mkewe, watalima mpaka mgongo unagoma. Ukimpelekea mahindi ya kuchoma, ameshiba. Ukitaka kumbebea gunia, si zito. Watu wakamsifu wakasema, huyu bwana hana makuu, hapendi kumsumbua mtu. Na yeye mwenyewe akaziamini zile sifa.

Hebu niambieni, hampo hapa watu wa namna hiyo? Msinyooshe mikono. Nawaona tu jinsi mnavyoangalia viatu.

Basi msimu mmoja, mvua ziko karibu, mbegu zake za viazi ghalani zimeshachipua, Baba Ambwene akaanza kupata kizunguzungu. Kichwa kinagonga, macho yanaona nyota mchana. Mkewe akamsukuma mpaka zahanati. Muuguzi akamfunga kile kitambaa mkononi, akakipuliza, akaangalia, akakipuliza tena. Halafu akamwambia, "Baba, presha iko juu sana. Nitakupa dawa, na dawa utameza. Lakini jembe uliweke chini msimu huu. Ukilishika, sikufichi, unaweza kupooza au ukafa."

"Na viazi vyangu, dada? Visipoingia ardhini kabla ya mvua vinaoza, na wanangu watakula nini mpaka mwakani?"

"Watapanda watu wako. Una watu?"

Baba Ambwene akacheka. Alikuwa anaumwa lakini hilo lilimchekesha. "Watu? Dada yangu, kijiji kizima ni watu wangu. Uliza nyumba yoyote, nani hajalimiwa na mkono huu."

"Sikukuuliza umemlimia nani, baba," akasema yule muuguzi taratibu. "Presha nimeshaipima, sasa napima na hao watu. Nani amewahi kulima kwako?"

Baba Ambwene akaangalia viatu vyake.

"Haya, tuache kulima. Mara ya mwisho ulimwomba nani kitu, akakupa, ukasema asante?"

Ndugu zangu, alitafuta. Alitafuta kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo mlangoni. Akaenda kwa majirani wa juu, akashuka kwa majirani wa bondeni, akapita kanisani kwake, akapita kwa ndugu zake wa damu. Wote alikuwa amewapa. Hakuna hata mmoja ambaye yeye alikuwa amepokea kitu kwake, hata chumvi. Akachukua dawa zake akatoka.

Nje mkewe akamuuliza, "Kasemaje?"

"Kasema nzuri tu."

Unaona tabia? Kesho yake alfajiri, ukungu bado umelala, akanyata na jembe lake akaenda shambani. Akapiga tuta la kwanza. Akaanza la pili, na hapo ndipo mkewe alipomkuta, amelala kifudifudi amelikumbatia jembe. Mama Ambwene alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akamgeuza, akamwagia maji usoni, akamwita kwa jina lake la utotoni. Neema ya Mungu, akafumbua macho. Na jambo la kwanza alilosema, hamtaamini, alisema, "Usimwite mtu."

Mama Ambwene alikuwa mwanamke mpole, lakini siku hiyo upole ulimwisha. Akamwambia, "Baba Ambwene, nisikilize vizuri. Ukifia hapa, hao hao unaowakatalia wasije kukulimia, watakuja kukuchimbia. Hiyo kazi hutaweza kuifanya mwenyewe halafu useme umeshamaliza. Kwa hiyo wewe chagua tu, waje na majembe yao leo upande viazi, au waje nayo wiki ijayo wakuzike."

Hee! Wanaume, maneno hayo ungeambiwa wewe ungesemaje? Yeye aliliachia lile jembe. Alikaa juu ya lile tuta, akalia, kisha akamwambia mkewe amshike mkono amwinue. Huo ndio ulikuwa msaada wake wa kwanza kuomba.

Siku hiyo zamu ilikuwa kwa Mama Tumpe, kule kwenye mawe. Watu wako kazini, nyimbo zimepamba moto, wakamwona Baba Ambwene anakuja polepole, mkewe amemshika kiwiko. Mmoja akamtania, "Leo baba umechelewa! Jembe umelisahau wapi?" Wakacheka. Yeye hakucheka. Akasimama pembeni ya shamba, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Sina jembe," akasema. "Nimekuja kuomba. Ninaumwa, siwezi kulima. Mbegu zangu zinaoza ghalani. Nawaombeni... nawaombeni mnilimie."

Nyimbo zikakatika. Na hapo Mama Tumpe, mwenye shamba, akaliachia jembe lake likaanguka. Akakaa chini kwenye udongo, akaangua kilio.

Baba Ambwene akashtuka. Akasema, "Mama Tumpe, nisamehe. Leo ni siku yako. Malizeni kwanza kwako, kama haiwezekani basi, mimi nita..."

"Nyamaza!" Mama Tumpe akamkatiza, na machozi yanatiririka. "Nyamaza, baba, usiseme tena kwamba utamaliza mwenyewe. Tangu mume wangu afe unanilimia. Nikikuletea mahindi, umeshiba. Nikija kupalilia kwako, umeshamaliza. Unajua mimi napita njia ya nyuma, ile ya matope, ili nisikutane na wewe? Kwa sababu kila nikikuona najiona ombaomba. Ukinilimia siku moja, mimi usingizi sipati wiki nzima. Nimemwambia Mungu magotini, ama anitoe katika kijiji hiki, ama anipe kitu kimoja tu ambacho huyu mtu atakipokea kutoka kwangu." Akainuka, akaokota jembe. "Shamba langu litalala kama lilivyo. Leo tunakwenda kwake."

Wakaenda! Wote, na majembe begani, wakaokota nyimbo zao palepale zilipokatikia. Lile shamba lililokuwa linataka kumuua mtu, mpaka saa za kula walikuwa wamelimaliza. Na Baba Ambwene walimketisha kwenye kigogo, wakamkataza hata kuinama. Mama Tumpe akamletea togwa kwenye kikombe. Mnajua alitaka kusema nini? Mdomo ulishaanza, "Nimesh..." Mkewe akamtupia jicho. Akakishika kile kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akamrudishia, akasema kwa lugha ya nyumbani, "Ndaga." Asante. Mama Tumpe akalipokea lile neno huku uso mzima unacheka. Na kuanzia siku hiyo alipita njia ya mbele.

Mtaniuliza, mchungaji, presha ilishuka? Ilishuka, tena vizuri. Lakini dawa alimeza, na anameza mpaka leo, kwa hiyo asije mtu hapa akatupa vidonge halafu akasema ni mimi nimemwambia. Vidonge na watu, vyote viwili.

Sasa tulieni, hapa ndipo penye ujumbe. Wakati nawasimulia, mlidhani mgonjwa katika mfano huu ni mmoja. Mlimwangalia Baba Ambwene na kitambaa chake mkononi. Je, yule mama asiyelala usingizi? Nani alimfikisha pale? Ni wema, ndugu zangu. Wema wa mtu anayetoa kila siku na kukataa kupokea. Alikuwa anamlimia shamba na kumnyang'anya heshima, na hakujua.

Sisi tunajipima kwa tuliowasaidia. Nimemsomesha yule, nimemchangia huyu, nimekesha msibani kwa fulani. Ni vizuri, Mungu akubariki. Lakini leo jipime na upande ule wa pili, upande tunaouonea aibu. Nani anaruhusiwa kukuona umechoka? Ni mlango gani unaweza kuugonga huku unalia? Ukikosa hata mmoja, usiseme huna watu. Watu unao, wamejaa hapa, wamekaa kushoto kwako na kulia kwako. Wewe ndiye hujawahi kuwapa zamu.

Na tumekuja kushukuru! Tumeleta viazi, tumeleta mahindi, tumeleta kuku yule anayepiga kelele pale nje. Tunashukuru kwa nini, kama kila mmoja wetu hajapokea kitu kwa mtu? Mimi namshukuru Mungu leo kwa kila mkono uliowahi kuniinua. Namshukuru kwa mama aliyeninyonyesha mama yangu alipokuwa hoi, kwa jirani aliyenivusha mto nikienda shule, kwa ninyi mlionilisha tangu nilipofika hapa nikiwa sijui hata njia ya sokoni. Mungu alinitunza kweli, na alinitunza kwa mikono yenye udongo, mikono ninayoijua kwa majina. Asante Bwana! Semeni na ninyi. Asante Bwana!

Sasa tusiishie kwenye kusema. Kabla ya sadaka, kila mtu amgeukie jirani yake, amwombe kitu kimoja anachokihitaji kweli. Kidogo tu. Na wewe unayeombwa, usihubiri, ni zamu yangu kuhubiri.

Mnaangaliana? Mnaona aibu? Haya, naanza mimi. Kule kwangu kuni zote zimeloa. Tunapika kwa moshi, watoto wanakunywa uji wa baridi tangu juzi. Naombeni kuni kavu. Nani anazo?

Eh! Shusheni mikono basi, nyumba yenyewe ndogo. Asanteni. Asanteni sana, wapendwa wangu. Endeleeni sasa, ombaneni.