Kwa Nini Seva za Ibumba Huitwa kwa Majina ya Wauguzi

Hapo awali seva za kituo cha kumbukumbu cha Ibumba hazikuwa na majina. Zilikuwa kompyuta kubwa saba, zikiitwa kwa namba tu, Sifuri hadi Sita, na ndizo zilizotunza mafaili ya wagonjwa wa zahanati zote za milimani. Namba ya mgonjwa iligawanywa kwa saba, na baki lake ndilo lililoonyesha faili likae wapi. Atupele, aliyeandika programu hiyo, aliionea fahari, maana ilikuwa fupi na haikuwahi kukosea.

Asubuhi moja ya masika seva Nne ikaungua. Zikabaki sita, ikabidi namba zigawanywe kwa sita, na karibu kila faili likajikuta si la pale lilipo. Seva zikaanza kuhamishiana mafaili hadi zikaelemewa.

Mchana akapiga simu Bi Tusekile, muuguzi wa zahanati ya Lupando.

"Mwanangu, nina mtoto hapa, mapafu yamembana. Tabibu anataka kumchoma penisilini, na faili halifunguki."

"Subiri kidogo, mama," Atupele akasema, ingawa hakujua kidogo hicho kingekuwa saa ngapi.

"Huyu hawezi kusubiri. Ila namkumbuka. Mwaka juzi sindano hiyo ilimvimbisha koo. Nitamwambia tabibu ampe dawa nyingine."

Mtoto akapona. Faili lilipofunguka kesho yake, lilisema vilevile alivyosema muuguzi. Atupele alilisoma mara tatu, kisha akainamisha kichwa mezani akalia.

Akaiandika programu upya, kwa wiki tatu. Alichagua lugha ya programu ambayo ndani yake kitu kikishaundwa hakibadilishwi: ukitaka badiliko unaunda kipya kutokana na cha zamani, na cha zamani kinabaki kizima, kikiendelea kusomwa. Humo akapanga duara. Jina la kila seva lilipigiwa hesabu iliyoipa seva hiyo mahali pake kwenye duara, na namba ya mgonjwa vivyo hivyo. Kutoka hapo faili huenda upande wa kulia mpaka likute seva ya kwanza, likakaa hapo. Seva ikifa, mafaili yake peke yake ndiyo huhamia kwa jirani anayefuata.

"Sasa kila seva inataka jina," akasema Lusajo, mwenzake wa ofisini. "Ya kwanza niiandike nani?"

"Tusekile."

"Ndiye nani huyo?"

"Ndiye aliyetunza faili siku tuliyoshindwa sisi."

Bi Tusekile alipopewa habari aliuliza kama kompyuta hiyo inakaa mahali pasipovuja. Akaambiwa hapavuji. Akasema basi amefurahi.

Kuanzia hapo hadi leo, seva mpya ikifika Ibumba haiwashwi kabla zahanati hazijapigiwa simu na kuulizwa ni muuguzi gani wa kushukuriwa. Duara lina majina kumi na tisa sasa. Na mmoja wao akizimika, jirani yake huubeba mzigo wake, na kule milimani wagonjwa huendelea kuitwa mmoja mmoja, bila yeyote kujua kwamba kuna kilichotokea.