Jina la Kuambiwa Halikati Diski

Jina la kuambiwa halikati diski. Mmelisikia neno hilo leo hapa karakanani mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wanangu, na mimi nilikuwepo.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi ya wilaya moja ya nyanda za juu. Ramani za karatasi zilikwisha kuliwa na mchwa. Nakala pekee ya mipaka ya vijiji ilikuwa ndani ya diski moja ya kompyuta yetu, iliyoendeshwa kwa mfumo uitwao Unix. Wakati huo kijiji cha Lusungulu kilikuwa na kesi na shamba kubwa la chai, na shamba lilikuwa na ramani zake. Diski ile ingefutika, mahakama ingebaki na maneno ya upande mmoja tu.

Diski ilikaribia kujaa, ikaletwa mpya, ya ukubwa uleule. Kazi ya kuigawa sehemu, sisi tukisema kuikata, na kuipa lebo, alama ya ndani ambayo mashine huisoma, alipewa fundi wetu, Atupele Mwasenga, mwanamke wa sauti ndogo ambaye hakuwahi kubishana na mtu. Mtaalamu aliyeifunga alikuwa ameondoka, akaacha kikaratasi: "Gawa diski ya pili."

Atupele akaandika amri. Mashine ikakataa. Ikasema diski ya pili ina lebo tayari, na kwamba ikigawanywa upya, vyote vilivyomo vitapotea. Akarudia, ikakataa tena. Akaondoa mikono mezani.

Mkuu wa ofisi, Bwana Kyando, alikuwa amesimama nyuma yake. Wageni kutoka wizarani walikuwa njiani kuja kuona mtambo mpya.

"Kwa nini umeacha?"

"Mkuu, diski mpya haina lebo. Hii inayo."

"Ni lebo ya kiwandani. Ilazimishe."

"Mashine huzipa diski majina kwa jinsi zilivyochomekwa. Waya zikibadilishana, ya kwanza inakuwa ya pili. Naomba niifungue mashine nisome namba iliyopigwa kwenye diski yenyewe."

"Hakuna muda wa kufungua! Mtaalamu ameandika ya pili. Mimi nimekwambia ya pili. Wewe nani?"

Sisi wapiga chapa tuliacha kupiga. Atupele akasimama.

"Mimi ndiye nitakayeulizwa na watu wa Lusungulu. Jina la kuambiwa halikati diski, mkuu. Sikati."

"Nitakufukuza kazi leo hii!"

"Nifukuze. Au kaa hapa uandike amri kwa mkono wako, halafu uweke sahihi kwamba ni wewe."

Akamvutia kiti. Bwana Kyando akakaa kweli. Vidole vyake vikafika juu ya vitufe, vikabaki hapo. Mwisho akainuka, akatoka nje.

Atupele akazima mashine, akachukua bisibisi, akafungua kasha. Akatuita tuje tuone. Waya zilikuwa zimepishana. Diski iliyoitwa ya pili ilikuwa ile ya zamani, yenye mipaka yote. Mpya ilikuwa inaitwa ya kwanza, nayo haikuwa na kitu. Akaandika namba ya kila moja kwenye kibandiko, akabandika, ndipo akaigawa ile mpya. Wageni walipofika walimkuta sakafuni, kasha likiwa wazi, wala hakuinuka mpaka alipokaza skrubu ya mwisho.

Hakupewa asante. Alipewa barua ya onyo kwa kumdharau mkubwa wake mbele ya watumishi, akatakiwa aisaini. Akaisoma yote, akairudisha mezani.

"Andikeni pia nilichokataa kukifanya, ndipo nitasaini."

Hawakuandika. Hakusaini. Akahamishiwa stoo ya vifaa, akakaa huko miaka miwili.

Lakini kesi ilipoitwa, ramani ya Lusungulu ilitoka katika diski ile ya zamani, nami ndiye niliyeichapa. Kijiji kilibaki na ardhi yake. Na pale ofisini, tangu siku ile, mtu akiletewa amri asiyoihakiki, ataweka kalamu chini, amtazame mkubwa wake usoni, aseme: jina la kuambiwa halikati diski.