Mkia wa Ngiri na Kiti cha Hakimu Mkuu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo wanyama walikuwa na mfalme, na baraza, na mahakama kuu. Hakimu Mkuu alikuwa Bundi. Bundi akazeeka, akawa anasinzia katikati ya kesi. Siku moja akamfunga shahidi, akamwachia mwizi. Wakamstaafisha. Kiti kikabaki kitupu.

Mfalme Simba akanguruma, "Nampendekeza Chui!"

Wajumbe wa baraza walikuwa saba. Kura zilipigwa kwa mkia. Mkia juu, ndiyo. Mkia chini, hapana. Fisi, Mbweha na Tai, wanaokula mabaki ya wakubwa, mikia juu tangu alfajiri. Swala, Pofu na Punda Milia, ambao ndio huwa mabaki yenyewe, mikia chini. Watatu kwa watatu. Akabaki Ngiri.

Ngiri alikuwa na hamu moja tu duniani: aitwe Mheshimiwa Waziri. Hata akioga alijihutubia, "Ndugu wananchi, vyura na konokono!"

Simba akamwita pembeni. "Ngiri, nafikiria kuunda Wizara ya Matope."

Moyo wa Ngiri ukafanya du! du! du! "Matope yapi, Mtukufu?"

"Yote."

Akarudi nyumbani anarukaruka. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, unangoja nini? Inua mkia!"

"Nitauinua, mama watoto. Kesho nikishamsikiliza Chui tu."

Kesho ikafika. Chui akaja amejipaka mafuta, anang'aa ng'ari! ng'ari! Akasema anapenda haki, anapenda wanyonge. Fisi akalia kwa furaha. Ndipo Paa akaomba kusema.

"Wakati wa kiangazi tuliapa sote, kisimani hakuna kulana. Mwanangu akainama kunywa. Chui akamchukua. Nilikuwa hatua tatu tu. Nilimwona."

Chui akaruka. "Mna nini na madoa yangu? Yote ni ya kuzaliwa!"

"Mheshimiwa," akasema Ngiri, "hujaulizwa madoa. Ulimla, hukumla?"

Chui akajilamba kucha. "Mimi sikumbuki kila ninachokula."



Ngiri akawakumbuka wanawe sita, wanaokunywa kisima kilekile. Akayakumbuka na matope. Yote! Alivitaka vyote viwili, wanawe na matope, na baraza zima lilikuwa linamtazama.

"Kura!" akanguruma Simba, meno nje.

Miguu ya Ngiri ikataka kukimbia. Na mnamjua Ngiri: akikimbia, mkia unasimama wima kama mlingoti. Akikimbia tu, kura imekwenda! Basi akafanyaje? Akaukalia. Pu!

"Inuka!"

"Nikiinuka nitakimbia, Mtukufu. Nikikimbia, mkia utasimama. Nakaa hapahapa."

Jasho likamtoka churuchuru, lakini hakuinuka. Mikia minne chini, mitatu juu. Chui akakosa kiti.

Jioni hiyohiyo Ngiri akafukuzwa barazani. Wizara ya Matope akapewa Fisi, ambaye hata kuoga haogi. Mama watoto akanuna siku tisa. Ngiri naye alikuwa akipita karibu na yale matope, anageuza uso.

Kesi zikajazana. Simba akatafuta mwoga, akampata Kakakuona. "Huyu akishtuliwa kidogo anajikunja mpira. Nitamwendesha." Wote wakakubali. Siafu tu ndio waliopinga, maana ndio chakula chake.

Haukupita mwezi, Ngiri akashtakiwa. Amefukua viazi vya Nungunungu. Akaenda mahakamani kifua mbele.

"Mheshimiwa Hakimu, bila mimi usingekalia kiti hicho."

"Kweli. Ahsante sana," akasema Kakakuona. "Mashimo ni kumi na mawili. Uyafukie yote."

"Nini? Mimi? Niliyepoteza wizara?" Ngiri akapiga kelele, vumbi likatimka. Kakakuona akajikunja mpira, kru! Akangoja. Kelele zikaisha. Akajikunjua taratibu.

"Kumi na mawili."

Ngiri akaenda shambani anatukana kila hatua. Akafukia kwa pua, fu! fu! fu! Shimo la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la nne akasikia watu wanapita. Akachungulia.

Alikuwa Chui, kichwa chini, mafuta hana, askari Nyati kulia na kushoto, anapelekwa mahakamani. Nyuma yao anatembea Paa, peke yake, shingo imenyooka. Kesi ya mwanawe imeitwa.

Ngiri akasimama shimoni, mdomo umejaa udongo. Matusi yote yakamwishia. Akawatazama mpaka wakaingia mlangoni.

Kisha akainama. Fu! fu! fu! Akafukia yote kumi na mawili, na la kumi na tatu ambalo Nungunungu hakuliona.

Wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: kiti cha haki mpe atakayekuhukumu hata wewe. Ukimpa wa kukupendelea, kesho atawapendelea wanaokuonea.

Ngano yangu imefika hapa, na mimi nimefika nayo. Aliyesinzia amwulize jirani.