Ugomvi wa Njiani

Hapo zamani, wazee wa wazee wetu walipokuwa bado vijana, palikuwa na Sultani aliyeitwa Zahran, naye alipenda mchezo wa fimbo kuliko chakula. Mwalimu wa askari wake, Fundi Fumo, hakuwa na mfano: alitoa heshima kwanza, kisha akazunguka uwanja kwa madaha, fimbo ikivuma hewani na ngoma ikimfuata kila hatua. Askari wote wakafunzwa vivyo hivyo.

Ikawa siku moja wametumwa kusindikiza msafara, wakarudi bila fimbo wala mizigo, wengine wakichechemea, vichwa vimefungwa vitambaa. Majambazi waliwarukia walipokuwa wameinama kutoa heshima. Watu sokoni wakawasikitikia, ila fukara mmoja, jina lake Kibwana, akasema, "Masikini! Majambazi wale hawakungoja ngoma."

Maneno yakamfikia Sultani, naye akaghadhibika, akamwita.

"Kwa kuwa wayajua sana ya njiani," akasema, "kesho utapigana na Fundi Fumo, na mapigano yenu yawe kama ya njiani hasa. Ukishindwa, utahama mji huu, wewe na mkeo."

"Kama ya njiani hasa, Seyyid?"

"Kama ya njiani hasa. Nimekwisha sema."

Kibwana akaenda kwake akamsimulia mkewe, Mwanatumu, naye akashika kichwa. "Mume wangu, hata kushika fimbo hujui!"

"Ndiyo salama yangu. Sina nilichofunzwa kinicheleweshe. Hebu, kesho nipikie bamia, chungu tele."

"Bamia zetu zote? Na tutahama na njaa pia?"

Asubuhi uwanja ukafurika watu. Fundi Fumo akatoa heshima, akazunguka, ngoma ikalia hata mpigaji akachoka mikono, na Kibwana hakuonekana. Jua likapanda. Fundi akaloa jasho, na Sultani akasema, "Amekimbia huyo. Twendeni zetu."

Basi wakarudi kwa kupita uchochoro mwembamba wa kwenda ikuluni, Fundi mbele, Sultani nyuma yake, na watu wakifuata. Walipofika katikati, chungu kikainamishwa juu ya mawe kutoka mlango wa nyumba moja, na bamia zikatambaa hadi miguuni mwa Fundi. Akateleza. Akainua fimbo apige, ikagonga ukuta wa kulia. Akaigeuza, ikagonga wa kushoto. Hapo Kibwana akatoka mlangoni, akamfunika uso kwa shuka yake kuukuu, akamkalisha chini polepole, akaichukua fimbo.

"Hila hii!" akafoka Sultani. "Mbona hukuja uwanjani?"

"Seyyid, uliamuru iwe kama ya njiani, na uwanja si njia. Njiani hapana ngoma wala salamu, na mtu hutumia alichonacho. Mimi nilikuwa na bamia."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakamtazama Fundi kwa hofu. Lakini Fundi alijitoa shuka usoni, akakaa pale pale penye utelezi, machozi yakimlengalenga.

"Seyyid, usimwadhibu. Laiti ningaliwafunza vijana wangu hivi, wasingaliumia."

Hasira ikamtoka Sultani. "Kibwana, tangu leo wewe ndiwe mwalimu wa askari."

"Nakubali, Seyyid, ila pamoja na Fundi. Mkono wake una nguvu kuliko mikono yetu sote. Umezoea tu kungoja ngoma."

Ikawa wanafunza pamoja: ngazini, matopeni, katikati ya soko lililojaa, mtu akiwa amebeba gunia au akiwa anakula. Somo la kwanza la Kibwana lilikuwa kukimbia, na Fundi, pamoja na kitambi chake, alilifanya kwa bidii.

Msafara mwingine ukatoka, majambazi wakaurukia. Askari mmoja akawatupia mchanga, wa pili akavingirisha maboga miguuni mwao, wa tatu akamwachilia punda mwenye hasira, na Fundi akawamalizia waliobaki wamesimama. Majambazi wakatimua mbio wakipiga kelele, "Jamani, askari wa Zahran hawana adabu! Hawatoi hata heshima!"

Sultani alipoletewa habari hizo alicheka, akacheka, hata akaomba maji.