Kitanda Chenye Ndui

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeutoa mti katika udongo, akaieneza hewa ambayo hakuna kiumbe aliyeitolea jasho. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu, palikuwa na fundi mmoja wa kupuliza rangi, ambaye binti yake alikuwa karibu kuolewa. Binti alimwomba jambo moja tu: "Baba, nataka siku hiyo baba mdogo awepo." Na tangu wagawane shamba la marehemu baba yao, mdogo akiwa ndiye aliyeshika kamba ya kupimia, ndugu hao wawili hawakuwa wamekaa mkeka mmoja. Fundi akalainika. Akamtumia mdogo wake salamu, aje Alhamisi wakibebe pamoja kitanda cha bibi harusi. Naye akaazimia kitanda hicho kiwe ndiyo makaribisho yake.

Akakipiga msasa hata mbao zikawa laini kama shavu la mtoto. Akachuja rangi, akawasha kompresa, ile mashine inayosukuma rangi kwa hewa, akapuliza tabaka jembamba kwa mkono usiosita. Rangi ilipoanza kukauka, ikajaa vishimo.

"Mume wangu," mkewe akasema, "kitanda kimepata ndui. Tukipeleke kwa daktari?"

"Cheka tu. Nimeuziwa rangi mbovu."

Akaikwangua, akapuliza tena, ndui ikarudi. Akaenda dukani amefura. Muuzaji akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Maji ya mtungi wa kompresa uliyamwaga lini?"

"Maji? Mimi sijatia humo hata tone!"

"Hakuna anayetia, bwana. Huingia na unyevu wa hewa, yakatulia chini ya mtungi. Ukipuliza, yanatoka pamoja na rangi."

Fundi akarudi, akafungua koki iliyo chini ya mtungi. Yakatoka maji ya kutu, yenye harufu, mpaka ukabaki upepo mtupu. Safari hii rangi ikakaa, ikang'aa, hata mkewe akajitazama ubaoni akatengeneza mtandio wake.

Alhamisi, mdogo wake akaja. Akasimama mlangoni, akakitazama kitanda, akasema kwa upole, "Mashallah, kaka. Kimependeza."

Fundi alikuwa amekusudia kusema, "Karibu ndani, ndugu yangu." Akafungua kinywa, na neno lililotoka ni hili: "Umekuja kukipima, kama ulivyolipima shamba?"

Yule ndugu akaiweka chini zawadi ya bibi harusi, akaondoka. Kitanda kikabebwa na majirani.

Enyi mliohudhuria, je, fundi yule alikuwa mwongo alipomwalika nduguye? La, nia yake ilikuwa njema. Basi ni nani aliyemtia uchungu ule kifuani? Hakuna. Uliingia kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, naye hakupata kuufungulia njia. Na sisi je? Tunachagua maneno, tunaandaa karamu, tunaapa kwamba hatuna kinyongo na mtu. Kisha tunashangaa salamu zetu zinapowachoma jamaa zetu. Tusingoje siku ya harusi ituoneshe kilichomo ndani yetu. Tumshitakie Mola wetu uchungu huo, tuulilie mbele yake mpaka uishe, ndipo tuende kubisha hodi kwa ndugu zetu.

Mwenyezi Mungu avitakase vifua vyenu nyote mliosikiliza, awakutanishe mliotengana, na azijaze nyumba zenu amani. Amin.