Mama wa Miwani Myeusi

Paa la chumba alichopanga Mashavu, msusi wa Tanga, lilivuja hadi kitandani. Alipolalamika, mwenye nyumba, Bwana Kilua, alicheka.

"Kama hupapendi, hama. Vyumba vyangu havikosi watu."

"Haya, baba."

Wiki hiyohiyo, mama mmoja mwenye miwani myeusi alikuja kukagua chumba kile. Alitazama juu, akaguna.

"Nakitaka. Lakini mimi silali na ndoo. Ziba paa, paka rangi, na choo kiwe na mlango."

Kilua alileta mafundi siku ileile, akamwambia Mashavu afungashe.

"Nitatoka, baba. Ila chumba kikikaa kitupu, wezi watang'oa mabati mapya. Acha nikulindie mpaka ahamie."

Kilua alikubali. Akangoja weee, mama yule hakuonekana tena. Mwishowe akaja kupiga hodi kwa upole.

"Mashavu mwanangu, wewe kaa tu."

"Kwa kuwa umeniomba, baba," Mashavu alimjibu mlangoni.

Akafunga mlango, akarudi kumsuka mteja wake, aliyekuwa ameweka miwani yake myeusi mapajani.

"Hata kwangu kunavuja, shoga," mteja alisema. "Wewe unakuja lini kukagua?"